Kabichi Zangu na Maji ya Msikitini

Assalaamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti wa shughuli yetu ya leo kaniomba niseme kwa upole. Nimeitikia naam, lakini huo upole sijui kama nnao, basi mnivumilie.

Nilipoachwa nilirudi kwa mama yangu hapa Mpendae na wanangu wawili na godoro. Kazi sina. Nyuma ya msikiti wetu pana kiwanja kilichokuwa kimejaa magugu na vigae, nikamwendea mwadhini.

"Shikamoo, babu. Nnaomba nilime pale nyuma."

"Marahaba. Utapanda nini?"

"Kabichi."

Alicheka mpaka akakohoa. Ati kabichi haifungi kichwa Unguja, ni mboga ya watu wa milimani huko bara. Lakini akaniruhusu, na yeye ndiye aliyenionesha maji. Wanaume wakitawadha, maji ya ile mifereji ya bomba hupita kwenye mtaro wa saruji na kumwagika uwanjani bure. Nikachimba shimo, nikalitandika plastiki, yakawa yanakusanyika humo. Nachota kwa ndoo, natilia kwenye mashina, majani siyagusi.

Nilitafuta mbegu inayostahamili joto, nikapanda kipupwe kilipoingia. Pembeni nikatia sukuma wiki na chainizi. Viwavi nilikuwa nawaokota kwa mkono. Asubuhi niliyoikuta kabichi ya kwanza imefunga, ndugu zangu, nnawaambia, nilikaa chini kwenye tope nikalia. Nilikuwa naibonyeza na haibonyei! Mtaa mzima ukaja kununua, na wanangu wakaenda skuli wameshiba.

Sasa sikilizeni.

Ikatokea harusi ya jirani. Nikaenda kusaidia mapishi kama tunavyofanya sote, na kisu changu, ubao wangu, na pakacha la kabichi za kachumbari ya pilau. Wakanambia, "Weka pale, Bi Salma." Nikaweka. Nikakaa namenya vitunguu. Kidogo naona kabichi zinaletwa kutoka sokoni, zimenyauka, majani ya juu ya manjano, na zinakatwa hizo! Zangu nikazikuta uani, mbele ya mbuzi.

Nikauliza kulikoni. Wanawake wote wakaona vitunguu vitamu kuvitazama. Mwisho mmoja akasema, "Tuwie radhi, shoga. Watu wanasema kabichi zako unazitilia maji ya choo cha msikiti."

Maji ya choo! Mie! Kumbe kuna mtu, simtaji na anajijua, kaniona natoka nyuma ya msikiti na ndoo. Vyoo viko upande ule ule, basi akamalizia mwenyewe. Hakuja kuchungulia. Hakuuliza. Kutoka kwake hadi pale ni karibu, hata kanga haikutelezi begani, lakini kwenda kusema alikwenda mpaka mitaa yote ya Ng'ambo ikajua.

Na nyinyi mlioambiwa, mlikuja kutazama? Hata mmoja? Ile ya sokoni mnajua imetiliwa maji gani? Mnajua imepigwa dawa gani? Hamuulizi! Ya mwenzenu mnayemjua, mliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, hiyo ndiyo mnayoiogopa. Tena mwanamke aliyeachwa, kumsingizia rahisi, hana wa kumsemea. Khaa! Niacheni niseme, nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Hakuna aliyenunua tena. Kabichi zilikomaa zikapasuka pale pale kwenye matuta, nikawa napita natazama kando. Mwanangu wa kike akarudi kutoka skuli hataki kula. Wenzake wanamwita kabichi ya choo. Usiku ule nilitaka kuling'oa shamba lote, nirudi kukaa na kungoja huruma za watu. Mama akanambia, "Ukiling'oa, utakuwa umewakubalia." Sikuling'oa.

Ikaja shughuli nyingine, hitima, mtaa huu huu. Sikualikwa kukata chochote. Nikaenda. Nikasimama katikati ya masufuria, nikasema, "Nyanyukeni. Alasiri inakaribia, twendeni nyuma ya msikiti." Wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Aliyenyanyuka kwanza ni yule bibi anayesimamia vyungu, ambaye sote tunamwogopa. Akafuta mikono, akavaa viatu. Nani angebaki?

Tukasimama pembeni ya shimo langu. Shimo lilikuwa karibu kavu. Mwadhini akaadhini. Wanaume wakaingia, mifereji ikafunguliwa, na maji yakaanza kuja kwenye mtaro, kidogo, kisha mengi, meupe, yakitiririka shimoni mbele ya macho yao. Nikawaonesha na bomba la choo, linapita upande wa pili hadi kwenye karo, shimo la maji machafu lenye mfuniko wa saruji. Haligusani na kwangu popote.

Yule nisiyemtaja hakukubali. "Lakini hayo si wameshaoshea miguu!"

Nikamwambia, "Wewe hukusoma? Maji mustaamali, yaliyokwishatumika, hayafai kutawadhia tena, lakini si najisi. Tulifundishwa sote, tena wewe ulikuwa unakaa mbele."

Bibi wa vyungu hakungoja tumalize. Aliinama kwenye tuta, akavunja jani la kabichi, akalifuta kwa kanga yake, akasema bismillahi, akatafuna. Tukawa tunamsikiliza anavyotafuna. Akameza. "Tamu. Leteni visu."

Nnamshukuru bibi yule, kakaa pale nyuma ananikazia macho nisimtaje. Nnamshukuru mwadhini, na mama yangu. Na wale wawili watatu mlionijia baadaye kuniomba radhi, Mungu awalipe. Yule mwengine nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado nnaufundisha.

Nnachowaomba ni hiki tu: kabla hujakitupa chakula cha mwenzako, nenda ukatazame kinapotoka. Ukiona uchafu, mwambie yeye usoni, usianze na mtaa.

Kachumbari iliyo mbele yenu leo ni kabichi yangu, na aliyeikata ni mwanangu, yule waliyemtukana. Kakaa mlangoni pale, anatazama nani atakula. Haya, bismillahi. Mwenye shaka asile, angoje adhana, nitampeleka mwenyewe.