Konzi ya Juu: Maisha ya Placide Wilondja, 1980–2024

Watumishi wa Mungu, wazee wa mtaa, bamama wa soko, na ninyi mliokuja na gari la kampuni, nawasalimu. Mimi ni Georgette, dada mkubwa wa marehemu. Nitasoma kilichoandikwa, na nimekiandika mwenyewe.

Marehemu Placide Wilondja alizaliwa Kilembwe tarehe 12 Julai 1980, mtoto wa nne wa hayati Mzee Alphonse Wilondja na Mama Pulchérie, wakulima wa muhogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilembwe. Sekondari aliianza mwaka 1993, vita vya 1996 vikaikatisha. Tulivuka ziwa, tukaishi kambini Tanzania miaka kumi na moja. Huko unga wa mgao ulipimwa kwa kopo, kisha kopo likafutwa juu kwa kijiti, asizidishiwe mtu. Placide alikichukia kijiti kile kuliko njaa yenyewe. Alikuwa akisema, "Siku mi niko na kopo yangu, hakuna muntu ataona kijiti."

Tulirudi mwaka 2007, tukakaa Baraka. Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na Nadège. Siku ya mahari, mbuzi wakiisha kupokelewa, Placide alichomoa jogoo kwapani. Baba mkwe akashangaa, maana jogoo hakuwa kwenye makubaliano. "Ni matabishi, papa," akajibu, na watu wote wakacheka. Kwa wageni wa lile gari: matabishi ni kile muuzaji anachokuongezea juu ya kipimo, kwa mkono wake, bila kuombwa.

Mwaka 2016 aliajiriwa na Pita-Upate, kampuni yenye maduka manne yaliyong'ang'ania vituo vya mafuta kama kupe: Baraka, Fizi, Makobola na Lusenda. Niseme nini juu ya maduka haya? Yana mlango wa kioo, na jenereta linalowashwa tu siku Bwana Mkurugenzi Lionel anapokuja. Yanauza samaki wa barafu kutoka ng'ambo, hatua mia kutoka ziwani, wavuvi wetu wakipita na kucheka. Mkimbizi aliyechoka haruhusiwi kukaa barazani. Na ukutani wamebandika karatasi: MATABISHI NI MARUFUKU. Placide alipopewa kusimamia duka la Lusenda, alikabidhiwa ufunguo, kopo, na kijiti cha kufutia.

Alitii. Alifuta kopo la unga wa mahindi wa kampuni mbele ya mteja, kama alivyoagizwa. Kisha aliinama chini ya meza, akafungua gunia lake mwenyewe la unga wa muhogo, uliotoka shamba la mama yetu Kilembwe, akaongeza konzi moja. Alifanya hivyo miaka saba na zaidi. Mama Renilde Akimana, aliyekimbia kutoka Burundi, aliniambia juzi, "Bugali yetu ilikuwa muzuri juu ya ile muhogo yake. Batoto banaiulizia mpaka leo."

Tarehe 5 Februari 2024 Bwana Lionel alifika bila taarifa. Akaiona konzi, akaliona gunia, akaandika barua ya kumfukuza: wizi wa unga wa kampuni. Placide akamwambia, "Patron, onja kwanza. Hii ni muhogo." Bwana Lionel akajibu, "Unga ni unga." Ndugu waombolezaji, mtu asiyejua muhogo na mahindi, katika Fizi hii, amepewa maduka manne ya chakula! Mtoto wa chekechea hapa anavijua kwa harufu. Ninamdharau, na mchungaji anisamehe, sitatubu leo.

Tangu siku ile shinikizo la damu halikushuka. Placide hakuililia kazi, alililia jina lake. Binti yake Merveille alirudi kutoka shuleni akamuuliza, "Papa, banasema we ni mwizi. Ni kweli?" Alimjibu kwamba si kweli, lakini mtoto alitaka kulisikia neno hilo kwa watu. Tarehe 19 Mei alianguka uani kwake, na tarehe 21 Mei alifariki hospitalini, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Jana kampuni ilileta shada la maua ya plastiki lililoandikwa "Mfanyakazi wetu mwaminifu". Niliomba wayaandike maneno hayo kwenye barua, wafute ile ya wizi. Bwana Lionel akasema utaratibu hauruhusu kumwandikia marehemu. Basi shada liko nje ya uzio. Mbuzi wa jirani amelinusa akaliacha.

Marehemu ameacha mjane, Nadège, watoto watatu, Merveille, Néhémie na Bertin, mama yetu Pulchérie, na mimi.

Sasa tunaenda kwenye udongo. Kila mtu atatupa konzi moja, kama ilivyo desturi. Aliyewahi kupokea muhogo wa Placide aongeze ya pili. Ninyi wa kampuni, moja inawatosha, na kijiti cha kuifutia ninacho hapa. Merveille, mwanangu, njoo usimame mbele, uangalie mikono ya watu. Ulimuuliza baba yako swali. Jibu lako ndilo hilo.

Lala salama, Placide. Mungu akupimie bila kijiti.