Nilidhani Umeukunja

FUNDI: Haloo, haloo? Nani mwenzangu?

MSHAURI: Shikamoo, mama. Ni mimi… yule mshauri nasaha. Wa jana, chumba namba nne.

FUNDI: Marahaba. Yule mpiga makofi?

MSHAURI: Huyo huyo.

FUNDI: Namba yangu umeitoa wapi?

MSHAURI: Kwenye faili lako.

FUNDI: Kumbe mafaili mnasoma! Ungesoma jana ungeona nimeandikwa mgonjwa.

MSHAURI: Nimepiga kuomba radhi, mama. Tulikuwa na mazoezi sisi kwa sisi. Mwenzangu ajifanye mgonjwa, akae kwenye kiti cha magurudumu chumba namba nne. Yeye akapotea akaingia namba tano, mimi nikaingia nikakukuta—

FUNDI: Nimekaa kwenye kiti cha magurudumu. Kosa langu, baba. Siku nyingine nitawapokea nimesimama.

MSHAURI: Ulikuwa umejifunika shuka—

FUNDI: Na mguu ambao haupo?

MSHAURI: Nilidhani umeukunja.

FUNDI: Nimeukunja! Miaka kumi na minane nashona nguo za watu, nimekunja pindo za kila namna, sijawahi kukunja kitu kikapotea mpaka juu ya goti.

MSHAURI: Ninakusikia, mama.

FUNDI: Haloo? Inakwaruza. Umesemaje?

MSHAURI: Nimesema ninakusikia!

FUNDI: Unanijibu habari ya mtandao au ndiyo lile somo lenu?

MSHAURI: Somo lipi?

FUNDI: Jana uliniambia "ninakusikia" mara kumi na moja. Nilihesabu, sina kazi nyingine. Mmefundishwa mlitie neno hilo kila baada ya muda gani?

MSHAURI: (kwa sauti ndogo) Kila mgonjwa akivuta pumzi.

FUNDI: Bahati yako sina pumu.

MSHAURI: Mama, usinicheke—

FUNDI: Nisikucheke? Miezi mitatu humu ndani sijazidisha salamu na mtu. Wauguzi wamenibatiza Bubu. Jana nikasema, haya, huyu kijana ana macho ya huruma, ngoja nitue mzigo. Nikakwambia nina binti wa miaka tisa, yuko kwa bibi yake, anadhani mama kasafiri kushona sare za shule. Hajui habari ya lori lililonigonga, hajui habari ya mguu. Nikalia. Na wewe ukasimama—

MSHAURI: Basi, mama—

FUNDI: —ukapiga makofi! "Safi sana! Machozi hayo unayatoa wapi? Nifundishe na mimi!"

MSHAURI: Nilidhani unaigiza.

FUNDI: Iliniuma, mwanangu. Utani tuuweke pembeni. Iliniuma sana.

(mtandao unakwaruza)

MSHAURI: Tangu jana chakula hakipiti.

FUNDI: Kisipite. Haya, sema kilichokuleta.

MSHAURI: Radhi tu.

FUNDI: Na?

MSHAURI: Na… mkufunzi amesema usiporudi kwenye kikao saa nane, sipewi cheti.

FUNDI: Ahaa! Ndiyo maana hiyo radhi inatembea vizuri, kumbe ina miguu miwili.

MSHAURI: Hata bila cheti ningepiga! Wallahi—

FUNDI: Usiape. Tuigize, si ndiyo kazi mnayoijua? Kesho bibi yake anamleta, amechoka kumdanganya. Leo lazima nimwambie mtoto mwenyewe. Haya, wewe ndiye binti yangu. Nipigie.

MSHAURI: Sasa hivi?

FUNDI: Kiti cha magurudumu mlikikalia nusu saa, mnagongana koridoni mnacheka, mkasema mmeyaelewa maisha yetu. Hili ni la dakika moja.

MSHAURI: (anakohoa) Haloo, mama? Unarudi lini?

FUNDI: Vibaya. Wangu huwa anaanza kwa kushtaki.

MSHAURI: Mama, bibi ananisuka ananivuta, masikio yanauma. Njoo unisuke wewe.

(kimya)

MSHAURI: Mama? Upo?

FUNDI: Habari ya kusuka umeambiwa na nani?

MSHAURI: Na wewe. Jana, kabla ya… kabla ya makofi.

FUNDI: Kwa hiyo ulisikia.

MSHAURI: Nilisikia yote.

FUNDI: Ngoja. Kuna simu nyingine inaingia.

MSHAURI: Ya nani?

FUNDI: Namba ya mama yangu. Ila mama saa hizi huwa kashalala usingizi wa mchana. Ni binti yangu. Ameiba simu.

MSHAURI: Pokea!

FUNDI: Nianzeje? Kitabu chenu kinasemaje?

MSHAURI: Kinasema… Sijui, mama. Mimi sijui.

FUNDI: Afadhali umesema. Uko wapi wewe?

MSHAURI: Hapa. Nje ya mlango wako.

FUNDI: Muda wote huu?

MSHAURI: Niliogopa kubisha.

FUNDI: Ingia, ukae. Usiseme kitu.

MSHAURI: Hata kidogo?

FUNDI: Hata kidogo. Nikilia unishikie simu. Haya, kata, kata, mtoto atakata tamaa—

MSHAURI: Nakata, ma—

FUNDI: (anapokea simu ya binti) Haloo, mwanangu. Sikiliza. Mama yako hajasafiri.