Honoré Mulonda na Gumbo Isiyo na Nyanya

Marehemu Honoré Mulonda alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Agosti 1971. Hapana, mnisamehe, ni 1969. Huo wa 1971 uko kwenye karatasi yake ya ukimbizi, na aliyezaliwa mwaka huo ni Henriette, dada yetu. Mimi ni Vénérand, kaka mkubwa wa marehemu. Nimeombwa kusoma, lakini roho yangu haijatulia, kwa sababu huko nyuma ya kanisa sufuria ziko motoni na iko neno moja hatujakata: gumbo, ule mchuzi mzito wa kuku na bamia mtakaokula leo tukitoka makaburini, itiwe nyanya ao isitiwe. Nitafika huko.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, akamaliza 1982. Sekondari alifika mwaka wa pili tu, baba akafariki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, ndiyo maana mnaniona nasoma polepole.

Vita vilimtoa nyumbani. Aliingia Durban Machi 2006, akabeba masanduku ya nyanya pale soko la Warwick miaka mitano. Mwaka 2011 alipata kazi ya kuosha vyombo ufukweni South Beach, kwenye mgahawa wa Mzee Achille, yule mnayemwona kiti cha pili. Mzee Achille ni Mcajun, mtu wa Louisiana kule Amerika. Watu wake bado wanasema Kifaransa cha mababu, na kwa Kifaransa hicho walielewana. Alimfundisha kukoroga unga wa ngano katika mafuta, moto mdogo, mpaka uwe na rangi ya chokoleti. Halafu vitunguu, seleri, pilipili hoho, kuku, bamia. Nyanya hapana. Mzee alisema nyanya kwenye gumbo ni mambo ya watu wa mjini, wa New Orleans. Kwao kijijini rangi inatoka kwenye unga na uvumilivu.

Sasa, sisi mnatujua. Mgeni ukimpa mchuzi usio na nyanya, atasema umemfanyia uchoyo. Mei 2012 Mzee alikuwa amelazwa, na watu wa harusi wakaagiza gumbo ya watu sitini. Honoré aliangalia sufuria, akaona gumbo nyeusi kama tope, akashikwa na aibu. Akatia nyanya ishirini. Wageni walilamba sahani. Mzee aliporudi alionja mabaki, akaweka kijiko chini.

"Bibi yangu angelia," alisema.

"Na mama yangu angelia kama ningeiacha vile," Honoré akajibu, huku anafungua aproni, maana alijua kazi imekwisha.

Haikwisha. Mzee alimkalisha, akamweleza kwamba Wacajun hawachukii nyanya. Wanaitia kwenye mchuzi mkali wa kasa, na kwenye kambale wa mtoni. Kila chakula na desturi yake. Tangu hapo samaki wa Ijumaa pale mgahawani, mwekundu kabisa kwa nyanya, alikuwa wa Honoré, na gumbo yake haikuona nyanya tena.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na Grâce, msusi wa nywele. Hata bamia za nyumbani alizipika kahawia. Grâce alikuwa akimwita kwa jina la mtoto wao, akimwambia, "Papa Peguy, kumbe niliolewa na Mmarekani wa Uvira." Naye anajibu, "Mmarekani gani analala njaa mkewe akinuna?"

Novemba 2023 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimkataza ndizi, viazi na nyanya. Henriette alililia hiyo nyanya kuliko alivyolilia mashine ya kusafisha damu. Jumapili tarehe 8 Juni mwaka huu, 2025, Honoré alituambia: "Siku ya kunizika mpike gumbo, watu washibe." Akaomba maji; habari ya nyanya hakuigusa. Alifariki Jumanne tarehe 10, saa mbili asubuhi.

Ndipo maneno yakaanza. Grâce anasema isitiwe, alivyopika mumewe ndivyo azikwe. Henriette amenunua masanduku mawili ya nyanya, anasema watu wa kwetu watatoka hapa wakitangaza kwamba tumemzika kwa unyimivu. Nilimuuliza Mzee Achille, akasema yeye si mwenye msiba. Wote wamenigeukia mimi, na mimi hata chai napikiwa. Nikikosea, sahani ya mwisho ya mdogo wangu itakuwa ya mtu mwingine.

Marehemu ameacha mjane, Grâce; watoto wawili, Peguy na Estella; dada yake Henriette; pamoja nami. Bwana ampumzishe mahali pasipo na foleni wala karatasi za ukimbizi za kuhuisha.

Alhamisi, tulipokwisha kumvalisha suti, niliomba nibaki naye kidogo. Nikainama kwenye sikio lake, nikamuuliza: "Mdogo wangu, hawa wanawake unawajua. Tutie, ao tuache?"