Sufuria Zangu Zinalala Ijumaa

Asalam alaykum, mama zangu na dada zangu. Kabla ya yote, mandazi mnayotafuna siyo yangu. Nawaona wengine mnayageuzageuza mkitafuta iliki. Hamna. Wiki iliyopita mlinijia na kazi mbili: nipike, halafu nisimame hapa niwaeleze nilivyojifunza kupumzika. Ya kwanza niliikataa. Mwenyekiti wetu alinuna, na mpaka sasa kanuna, mwangalieni. Lakini ningekubali, sasa hivi ningekuwa kule nyuma nafunua vifuniko, na nyinyi mngekuwa mnasikiliza kiti kitupu.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtu wa ndani. Sokoni naenda kwa shida, kwa jirani mpaka niitwe mara tatu. Ukiniuliza ziwa letu leo lina rangi gani, nitakuelekeza kwa mume wangu. Hapa mtaani Buyenzi nimezaliwa, Buyenzi nimeolewa, na kutoka kwa baba yangu mpaka kwa mume wangu ni milango minane. Kwa hiyo nikisema kwamba miaka kumi na miwili sikuwepo nyumbani, msinitolee macho. Wako waliopotelea Dar es Salaam, wako waliopotelea Ulaya. Mi nilipotelea uani kwangu, kati ya mbabula, yale majiko yangu ya makaa, na pipa la maji.

Ilianza na sufuria moja. Jirani alifiwa, nikampikia pilau ya hitima. Watu wakala, wakaanza kuulizana nani kapika. Ndugu zangu, nawaambia, lile swali ni tamu kuliko pilau yenyewe. Mimi sekondari nilifika, na miaka yote ile hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza "nani kafanya hii?" kwa nia njema. Sasa mji mzima unauliza, na jibu ni mimi.

Baada ya hitima ikaja akika, baada ya akika harusi, baada ya harusi maulidi. Hata watu wa Mutanga, kule kwenye mtaa wa wenye nafasi, wakawa wanatuma gari kuchukua sufuria zangu. Nikasikia mama mmoja akisema, "Bila huyu hakuna shughuli," nami, mtoto wa watu, nikaamini. Msidhani ni njaa iliyonisukuma. Mume wangu ana gereji yake, tulikuwa tunakula. Nilichokuwa nakitafuta ni kuambiwa kwamba nikilala, Bujumbura italala na njaa.

Nilikuwaje? Nilikula nimesimama, chakula kiko juu ya kifuniko, kama kuku anayengoja kufukuzwa. Nilizungumza na watu huku natazama moto. Nilisali pua ikiwa jikoni. Nikiwa kwenye sijda najisemea kwamba kitunguu kinaungua, na nikitoa salamu nakuta kweli kinaungua, basi badala ya kutubu najisifu. Siku moja nilisali alasiri rakaa sita. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yangu, aliniuliza kwa upole zile mbili za juu ni za mteja gani.

Huyo bwana ana maneno machache, lakini anayapanga. Kuna siku alitoka gereji, akasimama kwenye mlango wa jiko kama mteja aliyeleta oda, kofia mkononi.

"Bonsoir, mama. Nina komande ya mutu mumoja. Mume wako."

Nikamwambia asubiri. Mnacheka. Mi nilimwambia asubiri kweli, naye akasubiri, na nadhani ilikuwa mwaka wa tatu wa kusubiri kwake.

Sasa nakuja pale panaponiuma, kwa hiyo acheni kutafuna kidogo.

Binti yangu wa kwanza alipata mchumba, kijana mzuri, mkaaji wa Mutanga Sud. Wifi zangu wakaja mapema wakasema safari hii tumtafute mpishi mwingine, mimi nikae na mwanangu. Niliwaangalia kama watu walionitukana. Harusi ya mtoto wangu ipikwe na mtu mwingine? Watu watasema nini? Nikawapa chai, nikawasindikiza mlangoni, na mlango nikaufunga kwa adabu.

Siku ya harusi nilikuwa na sufuria sita motoni. Nikaha ilifungwa baada ya adhuhuri, mi nikaisikia kwa vigelegele, kupitia ukuta, nikapiga cha kwangu mwiko ukiwa mkononi. Nikaona nimehudhuria.

Mnaijua desturi yetu. Bibi harusi hatoki nyumbani mpaka apige magoti kwa mama yake aombe radhi. Mama anamwekea mkono kichwani, anaitamka, ndipo mtoto anatoka. Asipotamka, mtoto anaondoka mikono mitupu hata akibeba kabati la milango mitatu.

Baada ya alasiri niliinama kwenye sufuria ya mwisho, nakwangua ukoko. Wasichana walikuwa wanaingia na kutoka wakirudisha sahani, na kila aliyefika nyuma yangu nilimwambia neno lile lile bila kugeuka: "Weka hapo, leta zingine." Baadaye kelele zikapungua. Nikanawa, nikajifuta, nikatoka uani. Mikeka inakunjwa. Gari zimeondoka. Nami, bila aibu, nikauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: mbona bibi harusi hakuja kuniaga?

Wifi yangu mkubwa alikuwa kwenye kizingiti cha jiko. Hakupandisha sauti.

"Amekuja, wifi. Alipiga magoti nyuma yako pale, akasema, mama, nipe radhi. We ukamwambia aweke hapo, alete zingine."

Nikarudi jikoni kutazama. Juu ya rundo la sahani chafu palikuwa na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, zawadi ya bibi harusi kwa mama yake. Nilimlea vizuri huyu mtoto. Niliposema weka, aliweka.

Mngetegemea nianguke, nilie, nivunje sufuria. Apana. Jumanne nilipika akika ya watu, na nilipika vizuri, mkitaka kujua. Huo ndio ugonjwa wenyewe: unakuumiza, na dawa unayoijua ni kuuongeza. Nilimpigia binti yangu simu, akasema, "Hakuna shida, mama," kwa sauti ile mnayoijua ya mtoto mwenye shida. Nikafanya nilichoweza. Nikampikia pilau, sufuria nzima, zabibu juu, nikampa baba yake aipeleke. Kwa akili yangu nilikuwa naomba msamaha.

Baada ya siku tatu sufuria ikarudi. Imeoshwa inang'aa. Tupu.

Nani hapa hajui? Chombo cha watu hakirudi kitupu. Unaweka hata chumvi, hata ndimu mbili, hata ndagala, vidagaa vya kufunga kwenye karatasi. Niliingiza mkono mpaka chini, huenda kuna kitu. Hakuna. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale pa kutolea komande, akasema, "Anataka mama. Umemutumia mpishi."

Hapo ndipo nilipokaa. Nilikaa chini, sakafuni, mchana, sufuria iko mbele yangu, na jikoni kitu kikaanza kuungua, na sikuinuka. Kikaungua chote. Bujumbura haikuanguka.

Ijumaa ile nilimfuata mwalimu wetu wa darsa. Sitamtaja, lakini nyote mnamfahamu, kwa umri ningeweza kumnyonyesha. Nilitaraji dua ndefu. Akaniuliza mara ya mwisho nimekunywa kikombe cha chai mpaka chini nimekaa ni lini. Sikukumbuka. Akasema basi tuanzie hapo: kila siku baada ya alasiri, kikombe kimoja, umekaa, telefoni mbali, na usifanye lingine ila kukinywa. Ukifikiria sufuria, rudi kwenye kikombe. Ukifikiria tena, rudi tena. Sala yako, akasema, itajifunza kutoka kwa chai yako.

Nilimdharau. Kwangu chai ni kitu cha kumpa mgeni ili anyamaze. Siku ya kwanza niliinuka mara nne na kikombe kikapoa. Siku ya pili nilikinywa kwa mkupuo mmoja, nikaungua ulimi, nikasema nimemaliza. Telefoni nilikuwa naifukia kwenye kopo la unga, na bado nikawa nasikia unga ukitetemeka. Lakini wiki ya tatu, sijui ya nne, nilionja tangawizi. Ile niliyoitwanga mimi mwenyewe miaka yote. Nikawa nimekaa tu, nasikia uani kwangu: bomba, njiwa wa jirani, na mtu anaimba kwa sauti ya chini. Alikuwa mume wangu, ananawa grisi mikononi. Nikamuuliza ameanza lini kuimba akinawa.

Akasema, "Mwaka tuliooana."

Basi nikaweka sheria. Ijumaa na Jumapili, sufuria zangu zinalala kifudifudi uani, anayepita aone. Na walipita. Mama mmoja mwenye duka kubwa alikuja na gari mpaka mlangoni, harusi ya mwanawe ni Ijumaa, hakuna siku nyingine. Nikamwambia mabruki, lakini Ijumaa sipiki. Akadhani namtania. Akanikumbusha nilivyopika harusi ya mwanawe mkubwa, akanisifu mkono wangu, na mkono ukaanza kuwasha, siwafichi. Mwisho akasema, "Watu watasema umechoka."

"Waseme," nikamwambia. "Nimechoka kweli. Kaa tunywe chai."

Hakukaa. Harusi ikapikwa na mama mmoja wa mtaa wa Kinama. Mi nikaenda nimealikwa, nikakaa mkekani, nikala. Wali ulikuwa na kiini kidogo. Sikwenda jikoni. Mguu mmoja ulikwenda, nikaurudisha. Na watu wakashiba, ndugu zangu. Walishiba bila mimi, wakaomba zaidi, na mimi nilikuwepo nikashuhudia.

Na bado kulikuwa na deni la ule mkono wa kichwani, radhi ya mtoto wangu.

Ijumaa moja nilivaa kile kitenge, nikatia kikapuni chupa ya chai na vikombe viwili, nikavuka mji mpaka Mutanga Sud. Mimi, wa kuitwa mara tatu, nilikwenda bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu yuko mezani na kompyuta yake, kazi ya ofisini kaileta nyumbani, mgongo kauelekeza mlangoni, chakula cha mchana pembeni yake kimepoa juu ya karatasi. Nikatoa salamu. Akaitikia bila kugeuka.

"Karibu, mama. Weka hapo."

Kweli ilikuwa ni haki yangu kucheka, na haki yangu kulia. Sikufanya lolote. Na wala sikuweka. Nilisimama na kikapu changu, nikisoma mgongo wa mwanangu, na nikaona ni mgongo wangu.

"Mama, nimalize kidogo."

"Hicho kidogo nakijua," nikamwambia. "Nimekaa ndani yake miaka kumi na miwili. Njoo."

Akageuka. Akaona kitenge. Akaacha kiti, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya watu, mama zangu, miezi saba baada ya harusi yake. Nikamwekea mkono kichwani nikaitamka radhi yote, taratibu, neno kwa neno, sikuruka hata moja. Alipoinuka aliushika ule mkono akaunusa.

"Haunuki kitunguu," akasema.

Tukanywa chai mpaka chini. Kompyuta ikajizima yenyewe. Nilipoondoka kikapu kilikuwa kizito. Katia ndimu sita.

Namshukuru wifi yangu, ambaye hakunipunguzia ukweli hata kijiko. Namshukuru mwalimu. Namshukuru mume wangu, ambaye komande yake sasa inatoka ya kwanza. Na yule mama wa Kinama, popote alipo, Mungu ambariki, maana amenithibitishia kwamba mji unashiba.

Wanaosema nimelegea, nimewasikia, wengine mko safu ya pili. Semeni. Kupika sijaacha, Jumamosi njooni, na iliki mtaikuta. Lakini Ijumaa ukija utanikuta nimekaa, na nitakupa chai tu. Na siku yoyote ile, hata sufuria sita ziwe motoni, hata ukoko ushike, mtu akisimama nyuma yangu akaniita, kwanza nageuka.