Kikohozi cha Gari la Mkandarasi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, nje ya duka la fundi cherehani, likitazamana na ngazi za daktari wa meno. Wanaokaa hapo nitawataja kwa majina yao kamili ya kijiweni, maana nimesikia wapita njia wakiyaharibu. Fundi cherehani ni Sindano, si Masindano. Mziba pancha, ambaye karakana yake ni pampu na beseni la maji, ni Hakimu. Hajapata kuhukumu mtu popote isipokuwa hapa, na methali huzirusha kama anayerusha mawe gizani. Muuza magazeti ni Nasikia. Muuza kahawa ni Birika. Na dereva wa Mkandarasi ni Gia Mbili, kwa sababu tangu akabidhiwe lile gari jekundu la kasi, lenye mabomba manne ya moshi, hakuna aliyemwona akivuka gia ya pili. Sheria ya benchi ni moja tu: mwenye kahawa kikombeni ana haki ya kusema, na anayekipindua kikombe chake kifudifudi amejitoa katika shauri, haulizwi, wala hajibu. Alasiri hiyo tulikuwa wote, na kutoka dukani ilikuja harufu ya kila siku, ya pasi ya mkaa na ya vile vidonge vyeupe ambavyo Sindano huvitia katikati ya nguo za wateja ili wadudu wasizitoboe.

Gia Mbili alivuka barabara akitoka kumpandisha ngazi Bibi, mama yake Mkandarasi, aliyekuwa na jino la kung'olewa.

— Limekohoa tena, alisema hata kabla hajakaa. Mlima ule ule wa hospitali.

— Kidogo au sana? aliuliza Hakimu.

— Kikohozi cha mvuta tumbaku. Linapanda vizuri, likifika katikati linapaliwa, linashtuka, nguvu zote kwisha. Leo nimepitwa na pikipiki iliyobeba godoro.

— Gari la mabomba manne! alicheka Nasikia. Si ungemwomba akuvute?

— Cheka tu, ndugu yangu. Mkandarasi anarudi safari leo jioni. Siku anaondoka aliniambia mbele ya mama yake: "Nikirudi nikalikuta bado linakohoa, ufunguo muachie Mama." Ndiyo imetoka hiyo. Na mke wangu ana kichanga ndani. Ufunguo ukibaki kwa Bibi, mimi nabaki na nini mkononi?

Birika alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Tuanze na tumbo, alisema Hakimu. Unalinywesha nini?

— Petroli ya juu, ile ya bei, ya bomba la kushoto pale kituoni. Sijawahi kubadili.

— Hapo hapo! Si tulishakwambia hapa hapa mwezi uliopita? Bomba mbili, tangi moja. Mimi nilikwenda kile kituo kuziba pancha ya lori, nikaona kwa macho yangu gari la mafuta likija. Mpira ulishushwa shimo moja. Shimo moja! Hiyo ya juu ilitoka wapi?

— Labda shimo la pili liko nyuma.

— Uliliona?

— Sikuliona.

— Basi. Asiyekuwapo na lake halipo.

— Mimi nasikia mashimo ni mawili, alisema Nasikia, ila tofauti ni rangi. Ile ya juu wanaitia rangi kidogo ionekane imesoma.

— Nyie watu, sikilizeni. Gia Mbili aliweka kikombe gotini. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna maandishi: okteni tisini na tano kwenda juu. Injini ya gari hili inabana hewa na petroli mpaka basi. Ukitia ya chini, inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga. Ile ya juu ina subira, inangoja cheche. Fundi wa pale liliponunuliwa alinieleza hivyo.

— Fundi huyo anauza petroli?

— Hauzi.

— Basi ana shemeji anayeuza, alisema Hakimu. Fundi akikutuma kwenye kitu cha bei, mtafute shemeji.

— Halafu subira ya nini, kaka? Nasikia alimgeukia Gia Mbili. Unalinywesha mafuta ya mashindano kwenda sokoni na kwa daktari wa meno. Gia mbili! Hata maji ya mchele yangekufikisha.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Gia Mbili.

— Hajikwai, lakini anakohoa.

Walinigeukia mimi, kwa kuwa nilisoma zama za wakoloni na wanadhani mambo yote yalifundishwa zama hizo.

— Mzee, okteni ni nini hasa?

Nikawaambia tulifundishwa majina ya mito na kuandika herufi bila kutia madoa, okteni haikuwamo. Hakimu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

— Mmeona? Hata wakoloni waliificha. Hukumu yangu, lirudishwe kwenye ya kawaida. Maji ya moto hayachomi nyumba.

— Hakimu, hii ni petroli, alisema Birika. Hii inachoma nyumba na mtaa mzima.

— Methali haichagui chombo. Mimina kahawa.

Birika alimimina. Nilimtazama Sindano. Siku nyingine yeye ndiye wa kwanza kuwa na nadharia, na huisema akiwa na pini mdomoni. Siku hiyo alikuwa ameketi kizingitini, suruali ya mtu mapajani, akifumua mshono ambao kwa macho yangu haukuwa na kosa.

— Nasikia magari ya siku hizi yana kompyuta inayozungumza na kiwandani, alisema Nasikia, na sasa alikuwa ameshusha sauti. Ukilitia petroli wasiyoitaka wao, kule mtu anabonyeza kitufe, huku kwako linakohoa.

— Mbona linakohoa mlimani tu?

— Ndiko mtandao unakoshika vizuri.

— Acha hizo, alisema Hakimu. Mimi naushuku mlima. Walipotia lami mpya waliunyanyua, hawakutuambia. Hata baiskeli zinazoletwa kwangu sasa zinafika zimechoka. Gari ni lile, petroli ni ile, mlima ndio uliokua.

— Mlima ukue kwa gari langu peke yake?

— Si gari lako. Ni la Mkandarasi.

— Na huyo Mkandarasi mwenyewe, Nasikia alidakia, mbona amesafiri gari likiwa linaumwa? Mtu mwenye gari kama lile halali likipiga chafya. Nasikia ana mpwa wake amepata leseni juzi juzi.

Gia Mbili alisimamisha kikombe njiani.

— Mpwa gani?

— Mimi nasikia tu.

— Umesikia kwa nani?

— Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.

— Hapana, bwana. Usinitie maneno kichwani halafu ukimbilie methali. Yupo au hayupo?

— Kwani mbona unatetemeka? Nasikia alimtazama kwa jicho la pembeni. Au nawe una lako? Maana sisi hapa tunaambiwa tu bomba la kushoto, bomba la kushoto. Nani amewahi kukuona unajaza la kushoto?

— Unaniita mwizi?

— Nauliza. Dereva na tangi la tajiri ni kama panya na ghala.

— Nimeliendesha gari lile kama nimebeba mayai! Silali likiwa nje! Nalifuta mpaka ndani ya matundu ya moshi!

— Taratibu, alisema Hakimu, na akainua kidole kama anayefunga kesi. Mimi simtaji mtu. Nasema tu, kikulacho ki nguoni mwako.

Mkasi wa Sindano ukaanguka sakafuni.

Wote tuligeuka. Aliuokota polepole, akaufuta kwenye shati.

— Na wewe leo umeshonwa mdomo? aliuliza Nasikia.

— Nina suruali ya watu.

— Suruali ya watu hiyo umeifumua mara mbili, nilikuwa nakutazama.

Sindano aliinuka. Alikuja akachukua kikombe chake kilichokuwa bado kimejaa nusu, akainywa ile nusu kwa mkupuo mmoja, akakipindua kifudifudi mwisho wa ubao, akarudi kizingitini.

— Ajabu, alisema Hakimu. Mtu anajitoa katika shauri ambalo hajaingia.

Wakati huo Bibi alikuwa anashuka ngazi za daktari, mkono mmoja kwenye kitambaa alichobana shavuni, mwingine ukishika ukuta. Gia Mbili alikimbia kumpokea. Hakutaka kupelekwa garini moja kwa moja. Alisema atakaa kidogo kwanza. Tulimpisha katikati ya benchi.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, wanangu. Alisema kwa upande mmoja wa mdomo. Birika alimnyooshea kikombe, akakikataa kwa kiganja. Daktari alimkataza cha moto. Alivuta pumzi, akavuta tena, akageuza shingo kuelekea mlango wa duka.

— Harufu hii.

— Ni pasi, Bibi, alisema Birika.

— Si ya pasi. Hii nyingine. Alimgeukia dereva wake. Mwanangu, nimekuwa naona haya kukuuliza. Juma la pili sasa kila tukipanda gari nadhani ni mimi, nimefua nguo zangu zote, nimezianika, nimeoga mara mbili kwa siku kama bibi harusi. Kumbe si mimi. Hebu niambie. Mbona gari la mwanangu linanuka kabati la nguo?

Lilikuwa swali dogo. Nasikia akakipindua kikombe chake. Hakimu naye akapindua chake, taratibu, kama anayefunika chakula cha mgonjwa. Nami nilikuwa nimemaliza changu. Nikakilaza kama wenzangu. Kikombe kilichobaki wima kilikuwa cha Gia Mbili.

— Ni mimi, Bibi, alisema.

— Wewe umefanyaje?

— Nimetia vidonge vya kabatini kwenye tangi.

— Vya wadudu?

— Vya wadudu, Bibi.

— Gari lilikuwa na wadudu?

— Halikuwa na kitu. Lilikuwa linapanda mlima kama mbuzi. Siku moja hapa wakanihakikishia kwamba petroli ya juu ya pale kituoni ni ya uongo, ni ya kawaida iliyopandishwa cheo. Nikalala na wasiwasi. Nikasema, kama ni ya kawaida, nitaiua injini ya watu. Kesho yake nikaambiwa vidonge vile vinaipa petroli nguvu. Nikatia vitatu. Likakohoa. Nikaona dozi haijatosha, nikaongeza. Kila likikohoa, naongeza.

Bibi alibonyeza shavu lake.

— Ni nani aliyekwambia?

Gia Mbili alitazama mwisho wa ubao, kikombe cha Sindano kikiwa kifudifudi.

— Haulizwi, Bibi. Amepindua.

— Amepindua nini?

Hakimu ndiye aliyemweleza sheria, kwa sauti ndogo kuliko ile ya hukumu zake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavitazama vikombe kimoja kimoja, na changu akakitazama pia.

— Jioni mwanangu akiulizia gari lake, alisema, atajibiwa na vikombe?

Alisimama, akajishika kwa mkono wa Gia Mbili, wakaanza kuvuka barabara. Walikuwa wamefika katikati Sindano alipotoka dukani. Alikiokota kikombe chake, akakigeuza wima, akamnyooshea Birika.

— Nitilie.

Birika aliinamisha birika lake mpaka likatazama chini. Likatoka tone moja jeusi la masimbi ya kahawa.

— Imekwisha.

Sindano alisimama na kile kikombe kitupu. Sheria anaijua, ni yeye aliyeitunga, mwaka ule ubao ulipowekwa. Akakiweka juu ya benchi, akaingia ndani, akatoka na kopo la vidonge kwapani na ufunguo wa duka mdomoni. Alifunga kufuli.

— Bibi! aliita. Kopo hili ni langu! Nami nakuja!

Gia Mbili alikuwa ameshamfungulia Bibi mlango wa mbele. Alimtazama Sindano, akakikunja kiti cha dereva na kumwonyesha nafasi ya nyuma, ambayo katika magari ya namna ile imekusudiwa mkoba. Fundi cherehani alijikunja humo, kopo mapajani, magoti masikioni. Bibi alishusha kioo chake mpaka chini.

Tuliwasindikiza kwa masikio. Gia ya kwanza. Gia ya pili. Likapita duka la vioo, likakata kona, likaanza mlima. Likanguruma vizuri hadi katikati, likapaliwa. Likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, na mwishowe likasikika juu kabisa, linakwenda.

Birika alianza kukusanya vikombe. Nasikia alikuwa bado ameinua shingo kuelekea mlimani.

— Mmeona? alisema. Wote watatu, gari moja. Walishapanga zamani.

— Haukuwa mpango, alisema Hakimu. Mwanamke wa watu katoka kung'oa jino.

— Hilo jino, alisema Nasikia, nani kati yetu ameliona?