Mwalimu Wenceslaus Lugembe na Neno Lake Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Wenceslaus Lugembe anastaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwa mwajiriwa wa Sekondari ya Mningani, hapa Tabora. Nasema kuwa mwajiriwa. Kamati ya sherehe ilitaka niandike "kulitumikia taifa", nikaona nianze na lile ambalo nina uhakika nalo. Mimi ni Modest Masolwa, mwalimu wa historia, na meza yangu imetazamana na yake muda mrefu kiasi kwamba naujua mlio wa kijiko chake.

Alizaliwa Nzega, akasoma vizuri, akaletwa hapa kufundisha Kiingereza. Tumpe haki yake: mwandiko wake ubaoni haukuwa na mfano hapa shuleni, na akisoma kwa sauti hata watundu walitulia. Basi, katika maneno yote ya Kiingereza, alichagua moja la kuishi nalo, tena la kale: anon.

Kila mwaka alilitolea somo zima, na mimi nililisikia kupitia dirishani. Zamani za kale, aliwaeleza wanafunzi, anon lilimaanisha papo hapo. Ukiitwa, unajibu hivyo na miguu tayari inatembea. Lakini watu ni watu. Wakawa wanajibu huku wamekaa, kizazi baada ya kizazi, mpaka neno lenyewe likachoka na kumaanisha baadaye kidogo. Siku hizi Waingereza wenyewe hulitaja kwa mzaha tu. Mwalimu Lugembe aliisimulia historia hiyo kwa ufasaha wa kupigiwa makofi, mwaka hadi mwaka, wala hakuwahi kujiona ndani yake.

Lina matumizi mengine pia: katika msemo fulani wa zamani, humaanisha mara kwa mara. Hayo aliyatimiza kikamilifu, kwa chai na maandazi ya Mektilda wa kantini.

Nyuki walipohamia kwenye dari la kidato cha pili, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa majengo. Wanafunzi walimwendea kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, nyuki wamezidi." Akajibu, "Marahaba. Anon." Muhula ukaisha, ukaja mwingine, asali ikaanza kudondokea madaftari. Siku moja baba yake Festo wa kidato hichohicho, mrina asali wa Sikonge, alikuja kumwona mwanawe, akausikia ule mvumo kabla hajakaa. Akaomba moto na majani mabichi, akawatoa nyuki mchana uleule. Mwalimu Lugembe alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuonja. Katika maelezo aliyoipa kamati kuhusu mafanikio yake, ameandika kwamba alianzisha mradi wa ufugaji nyuki.

Alikuwa pia mlezi wa klabu ya safari. Shule yetu iko kando ya barabara ya Kwihara, kwenye njia ileile ya misafara. Wanyamwezi walipita hapa na pembe mabegani, wakafika pwani kwa miguu, wakarudi. Mlezi wetu hakuwahi kuwafikisha wanafunzi kwenye tembe la Livingstone, ile nyumba ya makumbusho ya Kwihara, mahali ambapo hata mbuzi wa shule hufika wakikata kamba. Wageni wanavuka bahari kuja kulitazama, na watoto wetu wanamaliza kidato cha nne wanalijua kwa picha.

Hayo tunaweza kuyacheka. La nyumba silicheki, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Nyumba iliyo kando ya bweni la wasichana ni ya matroni. Mwalimu Lugembe aliazimwa akae humo kwa muda, wakati anajenga ya kwake Kwihara. Ile ya Kwihara ilikamilika zamani, ina bati jekundu na vigae sebuleni, akampangisha mnunuzi wa tumbaku. Matroni wetu, Mwalimu Advera, anaishi na mtoto wake mtaa wa Ng'ambo, chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Advera aliomba apewe nyumba yake, mkuu wa shule naye akamwombea. Jibu mnalijua.

Jumapili moja mchana, Levina wa kidato cha pili alianguka bwenini kwa homa. Wenzake walikimbilia nyumba ya matroni wakabisha hodi. Mwalimu, ambaye mkewe hakuwepo, akajibu kutoka ndani kwamba anakuja. Ikabidi Advera apigiwe simu. Alikanyaga baiskeli kutoka Ng'ambo, akamkuta mtoto bado yuko sakafuni na mlango ule bado umefungwa. Levina alipona, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza Mwalimu, alinijibu kwamba alikuwa anatafuta viatu. Nilikasirika siku ile, na leo ninapoandika bado nimekasirika.

Hata hivyo, Mwalimu, ahsante. Ahsante kwa mwandiko wako na kwa sauti yako. Wapo wanafunzi walioipenda lugha kwa sababu yako, nami sitawanyima hilo. Wenzako wa Mningani tunakutakia maisha mema Kwihara, afya njema na majirani wavumilivu. Tunakutakia hayo kuanzia leo.

Programu hii ya kukuaga inaposomwa hapa ukumbini, tafadhali usigeuke nyuma. Vijana wa kidato cha nne wameshatoa kitanda, kabati na redio yako, na mpangaji wako wa Kwihara ameondoka tangu juzi. Ufunguo tulipewa na mkeo, shemeji yetu Eustadia, ambaye ameshapanda kwenye lori na kukaa pembeni ya dereva. Anasema ameona asikusubiri.

Mwalimu Advera hayupo ukumbini. Tumwie radhi, anapiga deki.