Mkono wa Kulia Nilioukunja Foleni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na aliyekunywa chai ya sukari asubuhi ya leo, na aliyekunywa chai ya chumvi naye amsifu vilevile, maana sote tumefika.

Mimi ni Mama Sara. Wengi mnanijua kwa sauti yangu kwenye kwaya, ile inayowapita wenzangu hata nisipotaka. Nilitoka Masasi nikamfuata mume wangu, fundi wa mabehewa kule karakana ya reli ya Gerezani, na tumepanga chumba hapa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu ya siku za mwisho. Najua wako watakaocheka. Chekeni tu, lakini mimi nilikaribia kumzika mtoto.

Ilianzia viwanja vya Mnazi Mmoja. Jioni moja nilikuwa napita na kapu langu nikamkuta mhubiri mgeni, simjui alitoka wapi wala alielekea wapi. Alikuwa ametundika shuka kubwa kati ya miti miwili, na kwenye shuka amechora mnyama mwenye vichwa vingi na pembe juu ya kila kichwa. Ndugu zangu, niliganda. Mhubiri akasoma katika Ufunuo kwamba inakuja siku ambayo mtu hataweza kununua wala kuuza mpaka awe na chapa ya yule mnyama, kwenye mkono wa kulia au kwenye kipaji cha uso. Akasema atakayeipokea amepotea milele. Kisha akafunga Biblia, akakunja shuka lake, akaondoka.

Mimi nilirudi nyumbani na lile shuka kichwani. Nikisonga ugali naona pembe. Nikifumba macho kuomba naona vichwa. Nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya, lakini tangu siku ile nilimwogopa mnyama kuliko nilivyompenda Mwanakondoo. Nayasema haya waziwazi kwa sababu najua humu ndani wapo walio hivyo hata sasa.

Sasa mnazijua hizi foleni zetu. Mtu analala na wazo la sukari, anaamka na wazo la sabuni. Kwenye duka la ushirika la mtaa wetu watu walikuwa wanaacha jiwe kushika nafasi, au kandambili, au kapu bovu, wanakwenda zao kwenye shughuli. Foleni ikisogea, aliye nyuma analisogeza jiwe la mwenzake kwa mguu. Hakuna aliyelalamika, ndio utaratibu wetu. Tatizo lilikuwa wajanja. Mtu anachukua sukari yake, anazunguka nyuma, anasimama penye jiwe lake la pili. Wengine wanarudi mikono mitupu.

Basi kamati ya duka ikakaa na kuamua kwamba kila anayehudumiwa apigwe muhuri mkononi, asirudi tena siku ile. Mimi sikuwa na habari. Nilifika dirishani na kapu langu, na Mzee Kondo, muuzaji wetu, akanisalimia vizuri kama kawaida yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Lete mkono, Mama Sara."

Mimi, mtoto niliyefunzwa kwetu, nitatoa mkono gani kwa mtu mzima? Nikatoa wa kulia. Ndipo nikauona muhuri umenyanyuliwa juu, na wino wake wa zambarau, ule ule wanaopiga kwenye paja la ng'ombe buchani. Nikageuka nikatazama foleni. Waliokwisha kuhudumiwa walikuwa wamesimama pembeni wakipiga soga, na kila mmoja ana zambarau kwenye mkono wa kulia. Wote! Balozi wetu wa nyumba kumi anayo. Mke wa fundi cherehani anayo. Yule Mhindi mpole wa duka la vitambaa naye anayo, tena anaipuliza ikauke.

Siku yenyewe imefika, nikasema moyoni, na imefika Kariakoo, na hakuna anayeshtuka isipokuwa mimi.

Nikakunja mkono wa kulia nikauficha kwenye kanga. Mzee Kondo akabaki ananitazama. Basi akili yangu ikaniambia kwamba lile andiko halikutaja wa kushoto. Nikamnyoshea wa kushoto.

Ndugu zangu, afadhali ningemtukana. Mzee Kondo alishusha muhuri taratibu akauweka mezani. "Mama Sara," akasema, "mkono wa kushoto unanipa mimi? Nimekukosea nini?"

Nyuma yangu wakaanza. "Hana adabu huyu!" "Tupishe, mama, wenzio tuna watoto." Na mimi nina mtoto vilevile, lakini nilichukua kapu langu nikaondoka bila sukari, bila sabuni, nikijiona shujaa wa imani.

Tangu siku hiyo sikukanyaga dukani. Mume wangu alikuwa safarini na gengi la matengenezo, huko njia ya Tabora, hivyo hapakuwa na wa kuniuliza. Tulikula mihogo ya sokoni, mimi na Sara. Nguo nilifulia majani ya mpapai. Jirani yangu Bi Hadija, Muislamu kutoka Kilwa mwenye chumba cha mbele, alikuwa anapika vitumbua anauza pale barazani, na kila aliponiuliza mbona sionekani foleni, nilimwambia naumwa mgongo. Ningemwambia nini? Mkono wake mwenyewe ulikuwa na ile zambarau, na ikichakaa anaongezewa nyingine. Nilianza kumkwepa. Akinisalimia, naitikia nikiwa nimeangalia ukutani.

Kisha Sara akaanza kuhara.

Alikuwa bado hajaanza kutembea. Asubuhi aliharisha, adhuhuri amelegea, na nilipomfikisha zahanati utosi wake ulikuwa umebonyea. Alikuwa analia, ndugu zangu, na hakuna chozi. Mdomo umefunguka, uso umekunjamana, sauti inatoka, macho makavu kabisa. Sijapata kuona kitu cha kutisha namna ile, hata ile picha ya shukani haikunitisha hivyo.

Nesi akamfinya ngozi ya tumbo, akanitazama. "Mama, mtoto amekaukiwa maji. Rudi nyumbani sasa hivi, chemsha maji, yakipoa utie sukari na chumvi kama ninavyokueleza. Mpe kijiko kwa kijiko, usichoke. Ukiona analia na machozi yanatoka, ujue amerudi. Asipobadilika, mlete tena upesi."

Sukari! Katika vyote vilivyoumbwa na Mungu, akataja sukari.

Nilisimama nje ya zahanati na Sara mgongoni, jua la mchana likiwaka, watu wanapita na mizigo yao. Upande mmoja mtoto wangu anakauka. Upande wa pili moto wa milele. Nadhani wengi hapa mnafikiri mngejua la kufanya. Mimi niliyekuwa na hakika ya kila kitu sikujua. Nililia mpaka mama mmoja muuza mchicha akanishika bega akadhani nimefiwa.

Nikaomba sala ambayo hadi leo nikiikumbuka nashtuka. Nilisema, "Bwana, kama ni lazima apotee mmoja kati yetu, nipotee mimi. Mtoto umwache."

Nikaenda dukani. Sikujali foleni, sikujali mawe ya watu, nilipita hadi dirishani na hakuna aliyenizuia, nadhani kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa. Nikanyosha mkono wa kulia, nikafumba macho. Nikasema, "Piga, mzee. Nipige huo muhuri, unipe sukari."

Niliusubiri ule ubaridi wa wino. Nilisubiri kama anayesubiri kisu.

Mzee Kondo akaukunja mkono wangu polepole akanirudishia kifuani. "Mama Sara," akasema, "sukari imekwisha. Hii ni foleni ya mafuta ya taa."

Jamani! Nilikuwa nimekwisha kuiuza roho yangu na hata mnunuzi sikumpata. Nilirudi nyumbani sijui kwa miguu ya nani. Sikuona barabara. Nikafika uani nikakaa chini penye mawe ya jiko la Bi Hadija, Sara mapajani, na sasa hata ile sauti ya kulia alikuwa hana.

Bi Hadija alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya kesho. Alimtazama mtoto mara moja tu. Nikamweleza neno la nesi, nikamweleza sukari imekwisha dukani. Hakuniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo lililofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa sukari yake yote ya biashara. Bila sukari ile hakuna vitumbua, na bila vitumbua Bi Hadija hali.

Nikamwambia, "Dada, na vitumbua vyako?"

"Vitumbua vitasubiri," akasema. "Mtoto hasubiri. Nipe hicho kijiko."

Akapoza maji aliyokuwa ameyachemshia chai, akapima chumvi, akatia sukari, akakoroga, akaanza kumnywesha. Na hapo ndugu zangu ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko siku zote za maisha yangu. Kile kijiko kilichokuwa kinamrudishia mwanangu uhai kilishikwa na mkono wa kulia wenye muhuri wa zambarau. Nilikuwa nautazama unakwenda kikombeni, unarudi kinywani kwa Sara, unakwenda, unarudi. Ule mkono nilioukwepa wiki nzima! Ule niliousalimia nikitazama ukuta!

Jua lilikuwa limeanza kupungua uani wakati Sara alipokunja uso, akaachia kilio. Na kwenye jicho la kushoto likatoka chozi. Likashuka shavuni. Bi Hadija akaguta kwa furaha, nami nikalia pamoja na mtoto, na nikacheka, sijui nilifanya lipi kwanza. Nani amewahi kumshukuru Mungu kwa sababu mtoto wake ametoa chozi? Mimi nilimshukuru.

Sara alipopata usingizi nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia Bi Hadija yote: shuka, pembe, chapa, mkono wa kushoto. Nilitegemea atakasirika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akautazama mkono wake, akautazama tena upande wa pili.

"Hata sisi tumeambiwa yupo muovu atakayekuja," akasema. "Wazee wetu walitusimulia. Lakini walitusimulia mpaka mwisho. Hicho kitabu chenu kinaishaje?"

Nilikuwa sijui! Mtoto wa mwinjilisti, mwanakwaya, sijui. Mhubiri alipofunga Biblia pale Mnazi Mmoja na mimi niliifunga. Sikuthubutu kusogea hata mstari mmoja mbele.

"Kalete," akasema Bi Hadija. "Hadithi haiachwi katikati."

Nikaleta Biblia yangu. Nikasoma pale penye mnyama. Nikafika penye chapa nikasita. Bi Hadija akasema, "Halafu?" Nikageuza ukurasa, ndugu zangu, na hapo hapo, mstari wa kwanza wa sura inayofuata, nikamkuta Mwanakondoo amesimama! Amesimama juu ya mlima, na walio wake wamesimama pamoja naye, na kwenye vipaji vya nyuso zao limeandikwa jina la Baba yake. Nilishtuka nikakiangusha kitabu. Kumbe na sisi tumeandikwa! Kumbe yule mnyama anaiga tu, mwenye kuandika watu wake ni Mungu. Nikasoma mbele nikaona kwamba ile chapa inakwenda na kumsujudia mnyama. Sasa Mzee Kondo alimwambia nani asujudu? Yule mzee alitaka tu kila nyumba ipate sukari.

"Halafu?" akasema Bi Hadija. Nikasoma. "Halafu?" Nikasoma. Hadi nikafika karibu na mwisho, pale Mungu anapokaa na watu wake, na mauti haipo tena, na yeye mwenyewe anafuta kila chozi katika macho yao. Nikashindwa kuendelea. Nikamtazama Sara amelala, na lile chozi limeacha mstari mweupe wa chumvi shavuni mwake. Bi Hadija akanyosha kidole chake, kwa mkono ule ule wenye zambarau, akaufuta.

Hakusema halafu tena.

Ndugu zangu, huo ndio wokovu wangu. Foleni bado zipo, sidanganyi. Safari iliyofuata nilikwenda dukani, nikamwomba Mzee Kondo radhi, nikatoa mkono wa kulia, nikapigwa muhuri mbele ya mashahidi. Nilipofika nyumbani nikausugua kwa majani ya mpapai ukatoka wote. Nikacheka peke yangu. Kitu kinachofutika kwa majani ya mpapai ndicho nilichotaka kumuulia mwanangu. Ile sukari nilimpelekea Bi Hadija, na kesho yake mtaa mzima ukala vitumbua.

Unabii wa siku za mwisho Mungu hakutupa tuwe watu wa kukunja mikono na kukwepa majirani. Alitupa ili siku zikiwa ngumu tujue nani amesimama juu ya mlima. Ukiogopa, ndugu yangu, labda umefunga kitabu mapema kama mimi. Geuza ukurasa. Muulize Bwana, halafu? Atakujibu.

Sara ndiye yule pale, kwenye mapaja ya baba yake, anayewachezea kofia wazee wa kanisa. Namshukuru Yesu kwa ajili yake. Namshukuru kwa ajili ya Bi Hadija, ambaye leo amekuja kunisikiliza na ameketi karibu na mlango.

Sasa kama yuko mtu ambaye hofu ya mwisho imemfunga, anayetaka tuombe naye, asione haya. Anyoshe mkono tumwone. Wa kulia, ndugu zangu. Unyosheni wa kulia.